Ruzuku ya serikali ya kusambaza intaneti ya kasi vijijini: je, robo yetu inatosha kuomba?

Mwanaushirika aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wenye wanachama katika vijiji vitatu vilivyo bondeni, na ninaandika kwa niaba ya kamati ndogo tuliyoiunda baada ya serikali kutangaza awamu mpya ya ruzuku za kusambaza intaneti ya kasi vijijini. Tangazo linasema kwamba mfuko utagharimia hadi asilimia 75 ya ujenzi, na mwombaji atatoa asilimia 25 iliyobaki. Kwa hesabu zetu robo hiyo tunaimudu: akiba tunayo, wanachama wameridhia kuchangia, na wenye mashamba wako tayari kutupisha tuchimbe bila kudai fidia.

Yanayotutatiza ni mambo mawili. La kwanza ni ramani. Ramani rasmi inayotumika kuamua ni nani anastahili inaonyesha kwamba vijiji viwili kati ya vyetu vitatu tayari vina huduma, ilhali mwalimu mkuu wetu kila mwisho wa muhula hupanda kilimani na kompyuta begani ili atume matokeo ya wanafunzi. La pili ni neno tuliloambiwa na bwana mmoja wa benki, aliyetueleza kwa upole kwamba robo tuliyo nayo haitoshi hata kuanza, kisha akaitwa kwenye kikao na hatukupata kumuuliza kwa nini.

Je, ushirika usio na uzoefu wowote wa mawasiliano unaweza kuomba na kushinda? Na yule bwana wa benki alikuwa na maana gani? Naomba majibu ya waliopitia njia hii, hata kama yatatuvunja moyo, kwa kuwa dirisha la maombi litafungwa baada ya wiki tisa.

Fundi wa Faiba alijibu:

Ndugu Katibu, nianze na ramani, kwa sababu eneo likishahesabiwa kuwa lina huduma hakuna mhakiki atakayefungua kurasa nyingine za ombi lenu. Ramani za aina hii huchorwa kutokana na taarifa za kampuni zenyewe, na kampuni hutaja mahali ambapo zingeweza kufikisha huduma, hata kama bado hazijaifikisha. Marekani waliishi na kasoro hiyo kwa miaka mingi: kampuni ikiweza kumhudumia mteja mmoja tu ndani ya kipande cha sensa, yaani eneo dogo linalochorwa kwa ajili ya kuhesabu watu, kipande chote kilihesabiwa kuwa kimehudumiwa, na huko mashambani kipande kimoja cha sensa huweza kumeza bonde zima. Novemba 2022 ndipo mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, ilipotoa ramani inayohesabu jengo kwa jengo, na hata hiyo ikaachwa wazi ili wananchi, serikali za majimbo na kampuni nyingine waipinge. Someni kanuni za mfuko wenu mtafute kifungu cha pingamizi. Mara nyingi kipo, ila hujificha kwenye kiambatisho, na muda wake huweza kwisha mapema kuliko dirisha la maombi lenyewe. Wiki tisa mlizo nazo huenda kwa pingamizi ni tatu tu.

Pingamizi la maneno matupu halifiki popote. Mimi niliwahi kuandaa moja, na kazi yenyewe ilikuwa ya miguu: siku sita nyumba kwa nyumba, simu mbili za mitandao tofauti, daftari lenye mistari, na kijana wa kunishikia ngazi. Kila mlangoni tulipima kasi mara tatu, yaani asubuhi, adhuhuri, na saa mbili usiku watu wote wanapokuwa wamerudi nyumbani, tukaandika vipimo vya GPS, kasi ya kupakua na kasi ya kupakia. Nyumba iliyotupa ushindi ilikuwa ya mzee mmoja anayeishi nyuma ya mwamba. Akiwa juu ya paa mnara anauona kwa macho, akishuka uani simu haishiki, na ramani ilikuwa imemhesabu kuwa yuko katikati kabisa ya eneo la huduma. Nilimpiga picha akiwa amesimama uani, mnara ukiwa haumo kwenye picha, mwamba ukiwa umejaa nusu ya fremu. Lakini kilichokuwa na uzito kuliko vipimo vyote ni barua tatu ambazo wanakijiji walijibiwa na kampuni walipoomba kuunganishwa, kila moja ikikiri kwamba anwani hiyo haihudumiki. Anzeni leo kuwaombea wanachama wenu huduma kwa maandishi, ili majibu yawe mkononi kwa wakati.

Angalieni pia kanuni zenu zinaposema "kasi" zinamaanisha kiasi gani. FCC tangu 2015 ilihesabu intaneti ya kasi kuwa megabiti 25 kwa sekunde za kupakua na 3 za kupakia, kisha Machi 2024 ikapandisha hadi 100 na 20. Kwa siku moja kaya zilizolala zikiwa na intaneti ya kasi ziliamka hazina, bila waya hata mmoja kuguswa. Msipime dhidi ya kizingiti cha zamani.

Kuhusu njia ya kufikisha huduma, mimi nitawashauri faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, popote inapowezekana, na sababu yangu ni umeme zaidi ya kasi. Katika mfumo wa kawaida wa kufikisha faiba majumbani, uitwao GPON, uzi mmoja hugawanywa kwa kaya 32 au zaidi kwa kipande cha kioo kisichotumia umeme, na mwanga husafiri kilomita 20 hivi bila kifaa chochote cha kuchajiwa njiani. Umeme unahitajika kwenye kituo chenu na nyumbani kwa mteja, basi. Gharama imelala kwenye mtaro, na uzi wenyewe ni sehemu ndogo ukilinganisha na kuchimba, kufukia, kuvuka barabara na kuvuka mto. Kwa hiyo msikubali makadirio ya mkandarasi ambaye hajachimba mashimo ya majaribio. Nimeona mradi ambao udongo ulionekana laini kwa macho, na futi mbili chini kulikuwa na tabaka la mwamba lililovunja meno ya mashine mara mbili kwa siku moja. Bajeti ya mita mia nne ikaisha katika mita tisini.

Mhakiki Mstaafu alijibu:

Katibu, nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza nikisoma maombi kama lenu, kwa hiyo naweza kumsemea yule bwana wa benki. Mifuko mingi ya aina hii haitangulizi fedha. Nyinyi mnatumia kwanza, kisha mfuko unawarudishia sehemu yake. Jambo hilo huandikwa kwa sentensi moja katikati ya kanuni, na limewaangusha waombaji niliowaona wakishangilia siku ya kutangazwa washindi.

Chukulieni mradi wote una thamani ya 100, iwe fedha ya nchi yoyote. Ruzuku ni 75, mchango wenu ni 25. Mkataba unagawa kazi katika hatua nne zinazolingana, 25 kila moja. Hatua ikikamilika mnapeleka ankara, stakabadhi, picha na mchoro wa mtandao jinsi ulivyojengwa, mkaguzi anakuja, kisha mfuko unawarudishia asilimia 75 ya matumizi yaliyokubaliwa, yaani 18.75. Sasa tuseme malipo ya kila hatua huingia mara tu baada ya hatua inayofuata kumalizika, jambo ambalo kwa uzoefu wangu ni mwendo mzuri. Mkimaliza hatua ya pili mmekwisha kutumia 50 na hamjapokea kitu. Mkimaliza ya tatu mmetumia 75 na mmepokea 18.75. Mkimaliza ya nne mmetumia 100, mmepokea 37.5, na mfukoni mwenu pametoka 62.5. Fedha hiyo itarudi, naam, na mwishowe mtakuwa mmetoa 25 tu kama tangazo lilivyosema. Lakini mkandarasi hasubiri mwishowe. Kusimamisha kazi hadi malipo yaje nako si dawa, maana mitambo iliyoegeshwa hutozwa ada ya kukodi sawa na inayochimba.

Juu ya hapo kuna dhamana. Mpango mkubwa wa Marekani uitwao BEAD, wa dola bilioni 42.45 zilizotengwa na sheria ya miundombinu ya Novemba 2021, hapo mwanzo ulimtaka mshindi alete barua ya dhamana ya benki ya angalau asilimia 25 ya ruzuku yake. Benki nayo, ikimwona mteja mdogo, humtaka aweke fedha taslimu kama kinga. Katika mfano wetu robo ya 75 ni 18.75 nyingine, inayolala benki bila kuchimba hata mita moja ya mtaro. Jumlisheni na ile 62.5 mtapata 81.25. Ushirika uliojiandaa kwa 25 umejikuta unahitaji zaidi ya 80, na nadhani hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo bwana wa benki kichwani alipoitwa kwenye kikao.

Malalamiko ya vyama vidogo yalisikika, na Novemba 2023 wasimamizi wa BEAD, yaani NTIA, waliruhusu njia mbadala, ikiwemo dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya mdhamini kulipa kazi isipokamilika, badala ya barua ya benki, na masharti mepesi kwa miradi inayorudishiwa fedha kwa vipindi vifupi. Ninyi pia mna nafasi ya kujadiliana, mradi mjadiliane kabla ya kutia saini. Ombeni hatua nane badala ya nne. Kwa mwendo uleule wa malipo, kilele cha fedha inayowatoka kinashuka kutoka 62.5 hadi 43.75, na kazi ya ziada ni makaratasi tu. Ombeni pia malipo ya awali ya vifaa, kwa sababu nyaya na mabomba ya kupitishia nyaya hununuliwa mapema na hukaa ghalani yakiwa yamekwisha kulipiwa. Na mkikopa ili mvuke kipindi hicho, ulizeni kama riba inarudishwa, maana mara nyingi hairudishwi. Kwingine hata ruzuku yenyewe hutozwa kodi kana kwamba ni mapato; Marekani jambo hilo limekuwa likilalamikiwa kwa miaka, yaani serikali inatoa kwa mkono wa kulia na kupokea sehemu kwa mkono wa kushoto.

Ile ardhi ya wanachama msiichukulie kuwa ni wema tu. Mifuko kadhaa, BEAD ukiwemo, hukubali haki ya kupita ardhini kuhesabiwa kama mchango wa mwombaji, ikithaminiwa ipasavyo. Kaskazini mwa Uingereza, jumuiya iitwayo B4RN, iliyoanzishwa 2011, ilijenga faiba mashambani kwa sababu wamiliki wa ardhi walitoa njia bure na wakulima wengine wakachimba wenyewe. Mwiteni mthamini anayetambulika, mpate hati, mtie saini na kila mwenye shamba. Ahadi ya mdomo iliyotolewa kwenye mkutano mimi nilikuwa naikata kwa kalamu nyekundu.

Uliuliza pia kama ushirika unaweza kuomba. Inategemea mfuko ulivyoundwa. Ile inayotokana na tozo za kampuni za mawasiliano, kama Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania ulioundwa kwa sheria ya 2006, au ule wa Kenya uliotokana na marekebisho ya sheria ya 2009, kwa kawaida hugawa fedha kwa zabuni kwa kampuni zenye leseni. Kama wenu ni wa namna hiyo, tafuteni kampuni yenye leseni muombe pamoja, na mkataba useme wazi kwamba mtaro na nyaya vitabaki mali ya nani. Kama mfuko wenu unapokea vyama moja kwa moja, kinachotafutwa na mhakiki ni jina la mtu mmoja mwenye uzoefu atakayewajibika, na barua yake ya kukubali kazi. Maombi mengi mazuri hukosa barua hiyo moja.

Mdadisi alijibu:

Nimemsoma Mhakiki kwa heshima, ila najiuliza kama Katibu anaharakishwa kuingia kwenye jambo ambalo limewashinda wakubwa. Mwishoni mwa 2020 Marekani waliendesha mnada wa ruzuku za vijijini ambao anayekubali kiasi kidogo zaidi ndiye mshindi. Dola bilioni 9.2 kwa miaka kumi ziliahidiwa kwa ajili ya nyumba na biashara zaidi ya milioni 5.2. Kumbe wengine walikuwa wameshusha bei kuliko uwezo wao. Agosti 2022 FCC ilikataa maombi ya washindi wawili wakubwa, na wengine wengi wakajitoa wenyewe. Kilichouma zaidi ni kwamba eneo lililokuwa na mshindi lilifungiwa nje ya ruzuku nyingine kwa kuwa lilihesabiwa kuwa "limeahidiwa", na watu wake wakasubiri ahadi isiyokuwa na mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba napinga minada. Chile ilianzisha mfuko wake 1994, ikashindanisha kampuni kwa ruzuku ndogo zaidi ili zipeleke simu za umma vijijini, na baadhi ya maeneo yalichukuliwa bila kampuni kuomba hata senti. Lakini simu moja ya umma kwa kijiji si sawa na waya kwa kila nyumba. Hata BEAD aliyoitaja Mhakiki, miaka mitatu baada ya sheria kutiwa saini hapakuwa na kaya hata moja iliyounganishwa kwa fedha zake, na Juni 2025 kanuni zikabadilishwa ili setilaiti na intaneti ya mawimbi ya redio zishindane na faiba kwa usawa zaidi, majimbo yakatakiwa kupokea zabuni upya. Setilaiti za siku hizi huzunguka kilomita 550 hivi juu yetu, ilhali zile za zamani zilikaa karibu kilomita 36,000, na kwa umbali ule mazungumzo ya video yalikuwa mateso. Kwa nini kijiji kisipewe ruzuku ya kununua dishi, mambo yakaisha mwezi huu?

Na kama ni lazima kuchimba, kopeni. Umeme wa mashambani Marekani ulienezwa na shirika lililoundwa 1935, na silaha yake kuu ilikuwa mikopo kwa vyama vya ushirika. Mwaka 1949 mikopo hiyo ikapanuliwa hadi kwenye simu. Anayejua atalipa deni humtafuta mteja kabla ya kununua waya.

Fundi wa Faiba alijibu:

Mdadisi, kwa kaya iliyo peke yake juu ya mlima nakubaliana nawe kabisa, dishi ndiyo jibu, na Katibu akiwa na nyumba kumi za namna hiyo asizipelekee mtaro. Ila setilaiti moja hugawana uwezo wake kwa watu wote walio chini yake kwa wakati ule, kwa hiyo kijiji kizima kikinunua madishi, saa mbili usiku mtaonana.

Halafu ruzuku ya kumlipia mteja ina ugonjwa wake. Marekani walikuwa na mpango wa kupunguzia kaya zenye kipato kidogo ada ya kila mwezi, na kaya zaidi ya milioni 23 zilijiunga. Bajeti ilipokwisha, mpango ukafungwa Juni 2024, na bili zikarudi kuwa nzima. Mtaro ukishachimbwa haufungwi na bunge.

Mdadisi alijibu:

Hilo la mwisho nimelipokea. La mkopo bado nasimama nalo.

Msimamizi wa Mnara alijibu:

Samahani kuingia katikati. Fundi anasema mtaro haufungwi na bunge, na ni kweli, lakini betri haingoji bunge. Nilisimamia mnara uliojengwa kwa ruzuku, na siku ya uzinduzi viongozi walikata utepe, watoto wakaimba. Ruzuku ilikuwa ya ujenzi tu. Mwaka wa kwanza mapato yalitosha kulipa mlinzi na kiungo cha kwenda kwenye mkongo mkuu, yaani njia kuu ya intaneti ya nchi. Mwaka wa tatu betri zikachoka: mawingu yakitanda siku mbili mfululizo, mnara unazimika saa nne usiku na kuwaka jua likishapanda. Niliandika barua kwa ofisi iliyotoa ruzuku nikiomba betri mpya, nikajibiwa kwa adabu kwamba matengenezo si gharama inayokubalika. Ofisi siilaumu, kwa sababu kanuni ilikuwa imeandikwa hivyo tangu mwanzo. Nailaumu kamati yetu, nikiwemo mimi, iliyosoma kiasi cha ruzuku kabla ya kusoma orodha ya gharama zisizokubalika.

India nayo iliidhinisha mwaka 2011 mradi wa kupeleka faiba kwenye mabaraza ya vijiji yapatayo 250,000, mradi ambao baadaye uliitwa BharatNet. Faiba ilifika kwenye ofisi nyingi za mabaraza, lakini kutoka ofisini hadi nyumbani kwa mtu palibaki pengo, na sehemu nyingi vifaa vilikaa bila umeme wa uhakika na bila mtu wa kuvitunza. Uzi ulioishia kabatini haumsaidii mwalimu mkuu wa kwenu.

Kwa hiyo Katibu, kabla ya kupiga hesabu za Mhakiki, pigeni za wateja. Tuseme vijiji vyote vitatu vina kaya 600. Nimesoma maombi yanayoahidi kaya saba katika kila kumi mwaka wa kwanza, yaani 420. Kama watajiunga 45 katika kila mia, ni 270, na wale 150 mliowahesabu bila wao kuwapo ndio waliokuwa walipe fundi, umeme, kiungo cha mkongo mkuu, na akiba ya kubadilisha vifaa. Pitisheni fomu sasa hivi, kila kaya itie saini na kuweka amana, hata kama ni ndogo. Mtu huinua mkono mkutanoni kwa urahisi, lakini amana humfanya aulize mke au mume kwanza.

Jambo la mwisho ni hicho kiungo cha mkongo mkuu. Mtauziwa na nani, kwa bei iliyofungwa kwa miaka mingapi? Kama muuzaji ni mmoja tu na mkataba ni wa mwaka mmoja, siku mtakapofikisha wateja 300 yeye ndiye atakayeamua faida yenu.

Mwanaushirika aliandika:

Nawashukuru nyote, na Ndugu Msimamizi zaidi, kwa kuwa tulikuwa tumeandika asilimia 70 kwenye rasimu yetu bila kumuuliza mtu. Jana usiku kamati ilikaa hadi saa tano. Tumekuta kifungu cha pingamizi kwenye kiambatisho cha nne kama Fundi alivyotabiri, na muda wake unakwisha baada ya siku 19. Vijana wanane wamegawana vitongoji na wanaanza kupima kesho alfajiri. Mwalimu mkuu ameomba apimiwe mwenyewe pale kilimani, na pia chini shuleni, ili tofauti ionekane. Barua za kuomba huduma tumeanza kuziandika, na tutampeleka mthamini mashambani wiki ijayo.

Kwa hesabu ya Mhakiki hatuwezi vijiji vitatu kwa pamoja, hata tukipewa hatua nane. Tumekubaliana kuomba kijiji cha juu tu, ambacho ramani yenyewe inakiri kwamba hakina huduma, na viwili vya chini vingoje matokeo ya pingamizi. Mkutano haukuwa mtulivu, maana mwenyekiti wetu anatoka kijiji cha chini. Nyumba saba za mlimani tumeziondoa kwenye mtaro na kuziandikia dishi.

Nina swali moja kwa Mhakiki. Katika kijiji cha juu, nguzo za umeme zinapita karibu njia yote. Tukitundika faiba kwenye nguzo badala ya kuchimba, je, mhakiki atatuona wavivu?

Mhakiki Mstaafu alijibu:

Hatawaona wavivu, atawaona mmepiga hesabu. Lakini mwenye nguzo lazima akubali kwa maandishi, aseme atatoza kiasi gani kwa kila nguzo kwa mwaka, na aseme ni nani atakayelipia nguzo zilizooza au fupi zinazohitaji kubadilishwa kabla waya wenu haujapanda. Huko ndiko miradi ya nguzo hukwama, miezi na miezi, kila upande ukisema nguzo ilikuwa imeoza kabla yake. Tembeeni njia nzima na fundi wa shirika la umeme, mzipe nguzo namba, mpige picha ya kila moja kuanzia chini ardhini, na orodha hiyo muiambatishe kwenye ombi. Na ile barua ya mwenye uzoefu msiisahau.

Mwanaushirika aliandika:

Barua tunayo. Fundi wa Faiba ameniandikia faraghani kwamba atatia saini, kwa sharti kwamba mashimo ya majaribio yachimbwe kwanza pale ambapo nguzo hazifiki. Jumatatu tunachimba la kwanza.